Tausi wawili wa jikoni kwa Ashoka: neno moja, miamba mitatu

Ashoka, mfalme wa nasaba ya Maurya aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi kuanzia takriban mwaka 268 hadi 232 KK, aliamuru maneno yake yachongwe kwenye miamba na nguzo katika pembe nyingi za himaya. Amri kubwa za mwambani ni 14, na ya kwanza inazungumzia nyama. Mfalme anasema kwamba zamani, jikoni kwake, wanyama laki kwa laki walichinjwa kila siku kwa ajili ya mchuzi. Sasa, wakati amri hii inaandikwa, wanachinjwa watatu tu: tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa mwenyewe si kila siku. Hata hao watatu, anamalizia, baadaye hawatachinjwa.

Amri hii husomwa zaidi na wanaotafuta historia ya dini ya Buddha au ya ulaji usio na nyama. Mimi naisoma kwa ajili ya wale tausi wawili. Sentensi ile ile moja, iliyotoka kwa mfalme mmoja katika kipindi kimoja, inamtaja ndege huyo kwa majina yasiyofanana kutoka mwamba hadi mwamba. Ukizifuatilia tofauti hizo kwa makini unapata jibu la swali ambalo watu wa India bado wanabishania: kati ya mor na mayur, lipi ndilo neno halisi la tausi, na lipi ni mharibiko wa jingine?

Kwa anayelisikia jambo hili mara ya kwanza: kwa Kihindi, Kigujarati, Kimarathi, Kipunjabi, Kisindhi na Kikashmiri, tausi ni mor, au neno lililo karibu sana na hilo. Kwa Kibengali na Kiodia ni mayur, ingawa Mbengali hulitamka karibu na moyur. Kwa Kinepali utasikia mujur. Kwa Kisinhala cha Sri Lanka ni monara. Lugha zote hizo ni za ukoo mmoja, ukoo wa Kisanskriti, na katika Kisanskriti tausi ni mayura. Shule nyingi hufundisha kwa kifupi tu: mayura ndilo safi, mor ni lile lile lililochakazwa na midomo ya watu wasiosoma. Maelezo hayo yanawadharau wasemaji milioni mamia, na mwamba wa Girnar hauyaungi mkono.

Miamba yenyewe

Girnar ni mlima karibu na mji wa Junagadh, katika rasi ya Kathiawar, Gujarat. Mwamba wa Ashoka uko njiani kuelekea mlimani. Kalsi iko mbali sana kaskazini, mahali mto Yamuna unapotoka milimani, upande wa Dehradun. Shahbazgarhi iko karibu na Mardan, Pakistan ya leo, na maandishi yake ni ya Kharoshthi, yanayokwenda kutoka kulia hadi kushoto kama Kiarabu. Girnar na Kalsi zimeandikwa kwa hati ya Brahmi, ambayo ilisahaulika kwa karne nyingi mpaka James Prinsep, mpima madini katika kiwanda cha sarafu cha Calcutta, alipofanikiwa kuisoma mwaka 1837.

Sasa tuiweke sentensi ya tausi mezani. Naandika bila alama za urefu wa irabu, maana hoja haizitegemei.

Girnar: *dvo mora eko mago.* Tausi wawili, paa mmoja.

Kalsi: *duve majula eke mige.*

Shahbazgarhi: *majura duvi*, na paa anaitwa *mrugo*.

Ukienda Jaugada, Odisha, upande wa mashariki kabisa, unakuta tena majula na mige, kama Kalsi.

Anza na paa, maana yeye ndiye rahisi, na anatuonyesha jinsi waandishi walivyofanya kazi. Kisanskriti kinamwita *mrga*, na hiyo *r* ya katikati inatamkwa kama irabu. Lugha za watu wa kawaida hazikuiweka hivyo. Magharibi iligeuka *a*, ndiyo maana Girnar ina *mago*. Mashariki iligeuka *i*, tukapata *mige*. Kaskazini-magharibi waliibakiza *r* na kuiongezea irabu, ikawa *mrugo*. Majibu matatu kwa sauti moja, na kila jibu linafuata kanuni ya mahali pake. Hakuna hata moja lililokosewa.

Halafu tazama neno la mfalme. Girnar inaandika *raja*, Kalsi inaandika *laja*. Lahaja ya mashariki, ile ya Pataliputra palipokuwa na ikulu, ambapo leo ni Patna, ilisema *l* pale ambapo wengine walisema *r*. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana habari za *r* na *l* kupishana kinywani. Kwa hiyo tunapoona *majula* huko Kalsi na Jaugada, tunajua *l* yake imetoka wapi: hilo ni neno la ikulu, na rasimu iliyotoka Pataliputra inaonekana ilikuwa na *majula*.

Karani wa Girnar alifanya nini

Rasimu ilipofika Girnar, karani alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kurekebisha sauti tu: kila *l* ya mashariki aigeuze *r* pale watu wake wanaposema *r*. *Laja* iwe *raja*, *majula* iwe *majura*, kazi iishe. Huko Shahbazgarhi matokeo yanaonekana ni hayo hayo, kwa maana tunakuta *majura*, yaani *majula* ile ile yenye *r* mahali pa *l*.

Girnar hakuna *majura*. Kuna *mora*. Huwezi kuipata *mora* kwa kubadili herufi moja ya *majula*. Karani aliliweka kando neno la rasimu zima zima na kuandika jingine, lile alilolijua. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki. Tayari katika karne ya 3 KK, magharibi mwa Bara Hindi, *mora* lilikuwa jina la tausi la kawaida kiasi kwamba mtu aliyeandika kwa niaba ya mfalme aliliona linafaa kuchongwa jiweni pamoja na jina la mfalme. Halikuwa neno la kuonea haya.

Na wenyeji wa sehemu hiyo hiyo, Wagujarati, leo wanasema *mor*. Irabu ya mwisho imedondoka, kama ilivyodondoka katika maelfu ya maneno yao mengine. Zaidi ya hilo, katika miaka zaidi ya 2,200 neno halijasogea.

Kuna pingamizi moja zito ambalo sipendi kulipita. Lugha ya Girnar inafanana sana na Kipali, lugha ya maandiko ya Mabuddha wa Theravada, na Kipali kina *mora*. Kuna hata kisa cha Mora Jataka, Buddha alipozaliwa akiwa tausi wa dhahabu, na kisa cha Baveru Jataka ambamo wafanyabiashara wanampeleka kunguru Baveru, yaani Babeli, watu wanamstaajabia, kisha safari nyingine wanampeleka tausi na kunguru anasahaulika. Basi mtu anaweza kusema: karani hakuandika neno la mtaani, aliandika neno la lugha ya kuandikia iliyotumika magharibi. Inawezekana. Lakini lugha ya kuandikia ya namna hiyo nayo ilijengwa juu ya vinywa vya watu wa magharibi, wala haikuokota *mora* hewani. Tena Kipali kina *mayura* pia. Aliyekuwa na maneno yote mawili akaandika *mora* amefanya uchaguzi.

Pingamizi la pili linahusu Shahbazgarhi. Huko kaskazini-magharibi, *y* iliyo kati ya irabu mbili na *j* zilikaribiana sana kimatamshi, kwa hiyo *majura* inaweza kuwa namna yao ya kuandika *mayura*, wala si kazi ya kunakili rasimu. Hilo nalikubali. Linapunguza uzito wa ulinganisho wangu na Shahbazgarhi. La Girnar haliligusi.

Njia kutoka mayura hadi mora

Je, *mora* lilitokana na *mayura*? Kwa sauti, inawezekana bila shida yoyote. Hatua ya kwanza, *y* ya katikati inafifia na kupotea: *mayura* inakuwa *maura*, ikitamkwa kwa irabu mbili mbalimbali. Sisi tumepitia jambo kama hilo. Ndugu zetu wengi wa Kibantu husema *njala*, sisi tunasema *njaa*, kwa sababu *l* iliyokuwa katikati imeyeyuka. Hatua ya pili, irabu mbili zilizokutana zinaungana: *a* na *u* zinazaa *o*. Kiswahili kina mwenzake wa kanuni hiyo: *ma-ino* ikawa *meno*, *wa-ingi* ikawa *wengi*, *a* na *i* zikazaa *e*. Kizulu kinayo ile ya *o* kabisa: *na* ikikutana na *umuntu* inakuwa *nomuntu*.

Katika Bara Hindi kwenyewe, *lavana*, chumvi, iliishia kuwa *lona* katika Kipali. Na Vararuchi, mtaalamu wa kale wa sarufi ya Kiprakriti, yaani lugha za kale za watu wa kawaida, aliliweka *mayura* katika kanuni moja na *mayukha*, mwale wa mwanga: la kwanza linaweza kuwa *mora* au *maura*, la pili *moha* au *mauha*. Aliruhusu zote mbili. Napenda sana uamuzi huo wa mtu wa sarufi aliyesikiliza kabla ya kutoa hukumu.

Wapo lakini wanaisimu wanaoshuku kwamba hali ni ngumu zaidi. Tausi wa buluu ni ndege wa Asia Kusini. Waliokuja na lugha iliyozaa Kisanskriti hawakumjua huko walikotoka, ndiyo maana *mayura* halina ndugu katika Kigiriki au Kilatini. Walimkuta, na bila shaka walimkuta na jina lake. Wengine wanalitafuta jina hilo katika lugha za Kidravidi za kusini mwa India, na kwa Kitamil, mojawapo ya lugha hizo, tausi ni *mayil*. Wengine wanalitafuta katika lugha za Kimunda za misitu ya mashariki, ambako tausi ni *mara* au neno lililo jirani nalo. Wasantali, wasemaji wa mojawapo ya lugha hizo za Kimunda, husema *marak*. Ukiyatazama hayo mawili, *mayil* linaelekea upande wa *mayura*, na *mara* linaelekea upande wa *mora*. Kwa hiyo haliwezi kufutwa wazo kwamba neno liliazimwa zaidi ya mara moja, mahali tofauti, kutoka kwa majirani tofauti, na kwamba *mora* si mtoto wa *mayura* hata kidogo, ni ndugu yake tu.

Mimi naegemea njia ya sauti, kwa sababu *lona* na *moha* zinaonyesha kwamba njia ilikuwapo na ilitumika. Lakini hata ukiichukua ile ya kuazima mara mbili, dharau kwa *mor* inazidi kukosa mguu wa kusimamia.

Ukongwe wa *mayura* haukatai yote haya. Rigveda, mashairi ya ibada yaliyotungwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita na kuhifadhiwa kwa kukariri, inalo. Farasi wa mungu Indra wanasemwa kuwa na manyoya kama ya tausi. Katika wimbo mmoja wa kuondoa sumu, majike ya tausi mara tatu saba, yaani 21, pamoja na dada saba, wanaitwa kuibeba sumu iende mbali. Bara Hindi imemjua tausi tangu kale kuwa adui wa nyoka. Kwa mdomo, basi, *mayura* limetangulia. Ila kwa maandishi yenye mahali na zama zinazojulikana, *mora* la Girnar liko miongoni mwa ya mwanzo kabisa tuliyonayo.

Na kuna jambo kwenye mwamba ule ule ambalo kila mwalimu wa lugha angepaswa kulitaja darasani. Takriban mwaka 150 BK, karne nne baada ya Ashoka, mtawala Rudradaman alichongesha hapo hapo habari za kukarabati bwawa la Sudarshana, na yeye alitumia Kisanskriti fasaha. Hayo ni katika maandishi marefu ya kwanza ya Kisanskriti yanayojulikana mawe yakihesabiwa. Kwenye jiwe la Girnar, lugha ya watu ndiyo iliyofika kwanza, Kisanskriti kikafuata.

Jina la ukoo wa mfalme

Ashoka alikuwa wa nasaba ya Maurya. Kwa Kipali, Moriya. Mapokeo ya Kibuddha yanalihusisha jina hilo na tausi, na ya dini ya Kijaini yanasema Chandragupta, babu wa Ashoka, alitoka katika ukoo wa wafugaji wa tausi. Mapokeo mengine yanalirudisha jina kwa mwanamke aitwaye Mura. Mwandishi wa kale wa Kirumi, Aelian, anasimulia bustani za wafalme wa India zilizojaa tausi wa kufugwa.

Sitaki kuamua nani mkweli. Nataka kuonyesha kitu kimoja cha sarufi. Katika Kisanskriti, kitu cha *mayura*, chenye uhusiano naye, huitwa *mayura* tena, kwa kurefusha irabu ya kwanza. *Maurya* haliwezi kutoka hapo. Linaweza kutoka kwenye *mora*, kwa sababu *o* ikipanda daraja katika Kisanskriti inakuwa *au*. Maana yake ni kwamba ikiwa jina la nasaba hiyo kweli ni la tausi, basi waliolisanifu kwa Kisanskriti walianza na neno la watu wa kawaida na kulivisha kanzu. Mwendo huo ni kinyume kabisa cha ule unaofundishwa, kwamba siku zote neno hushuka kutoka kwa wasomi kwenda kwa wengine.

Tausi wetu, na wengine waliobaki

Msomaji wa Kiswahili atauliza habari za *tausi*. Halina undugu na *mor* wala *mayura*. Limetufikia kutoka Kiarabu, *tawus*, ambalo ni jamaa wa *taos* la Kigiriki. Waajemi nao wana *tavus*, na kupitia kwao neno hilo liliingia Delhi: kiti cha enzi cha Shah Jahan, mfalme wa Mughal, alichokikalia mwaka 1635 na ambacho Nadir Shah wa Uajemi alikichukua mwaka 1739, kiliitwa *takht-i taus*. Kwa hiyo katika mji mmoja, ikulu ilisema *taus* na sokoni walisema *mor*. Kwenye pwani yetu yamekutana hivyo pia, maana familia nyingi za Wahindi wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam asili yao ni Kutch na Kathiawar, rasi ile ile ya Girnar. Nyumbani mwao ndege huyu ni *mor*, wakizungumza na jirani Mswahili ni *tausi*.

*Mujur* la Kinepali linanivutia zaidi, kwa sababu ile *j* yake inaelekea kwa *majula* na *majura* za miamba, si kwa *mora*. Huenda ni mabaki ya lile neno la ikulu, ingawa *j* hiyo inaweza pia kuwa imetokana na *y* ya *mayura*. *Monara* la Kisinhala limejitenga peke yake, lina *n* ambayo wenzake hawana, na Wasri Lanka hulitumia hata kwa chombo cha kuruka cha Ravana, mfalme wa visa vya kale, *dandu monara*.

Kibengali na Kiodia ndizo zinazoweza kumpoteza mchambuzi. Kwa kuwa zinasema *mayur*, ni rahisi kudhani zimehifadhi ukale kuliko Kihindi. Ukweli ni kinyume. Neno lililorithiwa kwa mdomo katika miaka elfu mbili lingekuwa limeliwa na mabadiliko ya sauti kama *mora*. Hilo *mayur* lililo zima hivyo limechukuliwa upya kutoka vitabu vya Kisanskriti, na waliolichukua ni watu waliosoma. Waassamu, majirani wa Wabengali, bado wana *mora*.

Kihindi kimeyaweka yote mawili na kuyagawia kazi. Mkulima anamwita *mor*, jike lake *morni*, unyoya wake *morpankh*, upepeo wa kufukuzia nzi *morchhal*. Methali inauliza: tausi alicheza porini, nani aliyemwona? Humo ni *mor*, na ukiweka *mayur* methali inakufa. Lakini mtoto wa kiume anaitwa Mayur, wa kike Mayuri, na mtaa mkubwa wa Delhi unaitwa Mayur Vihar. Mwaka 1963 serikali ya India ilipomtangaza tausi kuwa ndege wa taifa, nyaraka za Kihindi cha kiofisi zilikuwa na sababu zote za kupenda lile la Kisanskriti.

Mahali ninapoona mgawanyo huo wazi kuliko pengine popote ni kijiji kimoja cha Maharashtra, karibu na Pune, ambako waumini wa Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, huanzia safari ya kuzuru mahekalu manane. Kijiji kinaitwa Morgaon, kijiji cha tausi. Mungu wa hekalu lake, anayesimuliwa kuwa alimpanda tausi, anaitwa Mayureshwar na makuhani wakisoma, na Moreshwar pia. Waliokiita kijiji jina walikuwa wakazi wake, na waliomwita mungu Mayureshwar walikuwa wenye vitabu. Jina la tatu, Moreshwar, limechukua nusu ya wakazi na nusu ya vitabu, na linatajwa katika sala bila mtu yeyote kuliona lina kasoro.